Alama ya Msumari kwenye Redio ya Pikapu

Vijana wangu wa karakana, mmeniomba niandike niliyoyapitia katika ufundi wa umeme wa magari, na sasa nimestaafu sina kisingizio. Mambo ya vyeo msiyatafute humu. Sikuwahi kupandishwa cheo popote. Nilichopanda ni bampa za malori. Nitawaeleza kwa nini kila gari lilipoingia kwa ajili ya redio nilikuwa nauliza swali moja kabla ya kushika bisibisi: unasikiliza nini? Najua mlikuwa mnacheka. Hata wateja walicheka, wengine wakadhani nataka kujua dini yao.

Nilianza kazi katika karakana moja ya serikali hapa Dodoma, wakati bado natoka Mkonze kwa miguu asubuhi na kurudi kwa miguu jioni. Fundi mkuu wa umeme alikuwa Mzee Yohana, mtu mfupi, mkavu, asiyependa maneno. Siku ya kwanza nilimkuta ameinama chini ya boneti. Nikamwamkia, "Shikamoo mzee." Akaitika marahaba bila kuinua kichwa, kisha akanionyesha gari la bwana mifugo lililoegeshwa kivulini. "Nenda ukakae kwenye kiti cha dereva," akaniambia. Nikakaa. Nilikaa mpaka saa nne. Nilidhani amenisahau.

Alipokuja akaniuliza, "Umeona nini?"

"Sijaona kitu, mzee."

"Basi kaa tena."

Gari lile lilikuwa na ugonjwa wa ajabu. Taa zilikuwa zinazimika njiani, lakini likifika karakana zinawaka vizuri. Mafundi wawili walishabadilisha swichi na fyuzi, na bwana mifugo alishaanza kusema amelogwa na wafugaji. Mchana Mzee Yohana alimwita bwana mifugo mwenyewe akae pale nilipokuwa nimekaa mimi. Alikuwa mtu wa tumbo kubwa. Alipojitupa kitini, taa zikazimika. Spring ya kiti ilikuwa inabonyea chini ya uzito wake na kuubana waya uliopita kando ya betri, maana magari yale betri ilikaa chini ya kiti. Mimi nilikuwa mwembamba kama kijiti cha kiberiti, ningekaa mwaka mzima nisione kitu. Mzee Yohana aliusogeza waya, akaufunga kwa kipande cha mpira, akaenda kunywa chai. Njiani akaniambia sentensi ndefu kuliko zote alizowahi kuniambia: "Gari bila mwenyewe ni nusu ya gari. Mkalishe mwenyewe, umtazame anavyolitumia, ndipo ufungue."

Aliniachia pia taa yake ya kupimia, ile mnayoiona imening'inia ukutani mpaka leo: balbu ya indiketa, nyaya mbili, moja ina msumari mwishoni na nyingine ina kibanio cha nguo. Mmenunua mashine za kupimia zenye namba, vizuri. Mashine zile zikiishiwa betri mnakuja kuazima taa ya marehemu.

Miaka ile ya shida tulitengeneza redio za magari kwa kuchinja redio nyingine. Risasi ya kuunganishia nyaya tuliikwangua kwenye vyombo vilivyokufa, tukapasha chuma chetu kwenye jiko la mkaa, kwa sababu umeme ulikuwa mgeni anayekuja akipenda. Ukiharibu kitu hakuna kingine. Kwa hiyo tulikuwa waangalifu, na mimi nilidhani uangalifu ule ni tabia yangu. Kumbe ulikuwa ni uhaba tu.

Kisha ikaja ruksa ya kuingiza bidhaa kutoka nje. Maduka yakajaa, barabarani yakaonekana magari yaliyotumika Ujapani, na karakana za serikali zikaanza kupunguza watu. Mzee Yohana alistaafu, akarudi kwao kulima mtama, na hakufikisha mavuno matatu. Mimi jina langu lilibandikwa ukutani pamoja na wenzangu. Nilifungua kibanda changu kando ya njia ya kwenda Area D, mabati manne na meza moja, na sikulala njaa hata wiki moja. Kila mwenye gari alitaka redio mpya. Zilikuja kwenye maboksi kupitia kwa wafanyabiashara, nyingine mpya na nyingine zimetolewa kwenye magari huko huko Ujapani: za kaseti, zenye taa za bluu, zenye kugeuza kaseti zenyewe. Madereva wa waheshimiwa walitaka spika za kutikisa vioo. Wafanyakazi wa ofisini walitaka iliyo kama ya jirani, ila kubwa kidogo. Nilikuwa fundi bora wa redio za magari Dodoma nzima. Nalisema bila aibu, na aliyekuwa wa pili alikuwa analijua.

Nilikuwa natoa redio ya zamani na kufunga mpya kabla chai ya mteja haijapoa. Ile ya zamani ilibaki kwangu; ndiyo ilikuwa desturi yetu mafundi, kilichotoka garini ni cha fundi, na mteja haulizi. Kukaa kwenye kiti cha dereva nilishaacha zamani. Nani ana muda huo?

Siku moja, mwezi wa mavuno, ikaingia pikapu kuukuu ya rangi ya maziwa, imesheheni magunia ya ulezi. Aliyeshuka alikuwa mzee wa miaka sitini hivi, amevaa kofia ya kufuma na koti lililofifia mabegani. Nikamwamkia, akaitika, akasema anaitwa Shabani, anatoka Kolo, na si Kolo penyewe bali kitongoji kimoja mbele yake, mwendo wa saa moja na nusu kwa miguu.

"Redio yangu inakatakata, fundi," akasema. "Gari likiruka shimo inanyamaza. Nataka jioni isikike vizuri."

Nikachungulia dirishani. Ilikuwa redio ya vifundo viwili na sindano nyekundu, kioo chake kimechakaa, kina mkwaruzo mmoja mrefu upande wa kulia. Nikacheka.

"Mzee, hii imeshazeeka kuliko mimi. Acha nikufungie ya kisasa."

"Hii haitengenezeki?"

"Inatengenezeka, lakini kwa nini uhangaike? Leo kila kitu kipo."

Alisita kidogo. Alikuwa mtu mpole, na mimi nilikuwa naongea kwa uhakika wa daktari. Akakubali. Nikamletea benchi na chai, nikaanza kufungua dashibodi. Kufunga redio katika pikapu ya zamani kuna kazi yake: tundu ni dogo, chuma cha dashibodi kinakatwa kwa msumeno na kupigwa tupa, na lazima utafute waya unaopata moto wa umeme ufunguo ukiwashwa, na mwingine wenye moto wakati wote. Niliyafanya hayo yote vizuri, na hata leo siwezi kuikosoa kazi ile ya mikono. Wakati nakata, mzee alikuwa anaongea nyuma yangu.

"Mdogo wangu Rajabu amelazwa Dar es Salaam. Wiki ya tatu sasa. Kwetu hakuna simu."

"Mungu atasaidia, mzee," nikajibu, huku natafuta waya mwekundu.

Nilipomaliza niliwasha. Redio ya taifa ikaja safi kabisa, kwa sababu mtambo wa masafa ya kati ulikuwa hapa hapa mjini. Nikamwekea na kaseti ya taarabu, zawadi kutoka kwangu. Mzee Shabani akatabasamu, akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akaondoka na pikapu yake inaimba. Mimi nikaitupa redio ya zamani chini ya meza.

Siku nne baadaye kazi ilikuwa ndogo, nikaiokota. Nilitaka kuichinja. Nikaifungua kifuniko, nikatazama, nikajisikia vibaya kidogo: kiungo kimoja cha waya wa spika kilikuwa kimepasuka. Tone moja la risasi lingetosha, kazi ya dakika tano. Nikalitia lile tone, nikaunganisha na betri ya mezani na kipande cha waya kuwa antena, ikawaka. Ndipo nikautazama vizuri ule mkwaruzo kwenye kioo. Haukuwa uchakavu. Mtu alikuwa amekwangua alama kwa msumari, kwa makusudi, mahali pa kusimamisha sindano. Alama ilikuwa kwenye masafa mafupi.

Nikapeleka sindano mpaka kwenye alama. Ilikuwa redio ya taifa, ile ile, lakini kwa masafa yanayofika mbali, nyuma ya milima. Na ilikuwa jioni, saa ya matangazo ya vifo.

Ninyi mmekuwa na simu mfukoni, hamuwezi kujua saa ile ilikuwaje. Nchi nzima ilinyamaza. Watu waliacha kula. Mtangazaji alikuwa anasoma kwa sauti moja isiyopanda wala kushuka, kijiji kwa kijiji, jina kwa jina. Nilikuwa nasikiliza nusu nusu kama kila siku, huku nafunga vifaa, mpaka aliposema hivi:

"Zuhura Rajabu wa Dar es Salaam anasikitika kutangaza kifo cha baba yake, Rajabu Issa, kilichotokea leo asubuhi hospitalini. Msafara wa kupeleka mwili utaondoka Dar es Salaam kesho alfajiri kwenda Kolo, Kondoa, kwa mazishi. Habari ziwafikie Shabani Issa wa Kolo, kaka wa marehemu, na ndugu na jamaa wote popote walipo."

Nilikuwa nimeishika redio kwa mikono miwili. Jina la Mzee Shabani lilikuwa limeitwa, na lilikuwa limeitwa ndani ya redio yake mwenyewe, juu ya meza yangu, Dodoma. Ile niliyomfungia haikuwa na masafa mafupi kabisa. Hapa mjini ilikuwa haiyahitaji. Kwao yalikuwa ndiyo njia pekee. Nilimwuzia mtu taa za bluu nikamnyang'anya masikio, na alishaniambia kila kitu, jioni, mdogo wake, hospitali, hakuna simu, wakati mimi natafuta waya mwekundu.

Nilijaribu kujipa moyo kwamba majirani watakuwa na redio. Lakini nilijua ilivyokuwa vijijini wakati ule: betri ni ghali, watu wanazianika juu ya bati ili zipate nguvu ya siku moja zaidi. Nikawaza maiti inashushwa kwenye nyumba isiyojua. Hakuna kaburi, hakuna sanda, hakuna uwanja uliofagiwa, wanawake wanatoka jikoni kuuliza gari hili la nani. Hiyo ndiyo aibu niliyokuwa nimempelekea mtu aliyekunywa chai yangu. Niliona aibu mimi mwenyewe, peke yangu kibandani, mpaka masikio yakawa ya moto.

Usiku nilimsimulia mke wangu. Alisema, "Nenda."

Alfajiri nilikuwa kwenye basi la kwanza la Kondoa, redio ya zamani nimeifunga kwenye kanga na taa ya Mzee Yohana mfukoni. Barabara ilikuwa ya vumbi wakati ule, mawe na makorongo. Nilipiga hesabu njia nzima. Wao wametoka Dar es Salaam sasa hivi. Mpaka Dodoma ni lami, watapita hapo alasiri. Huku kwenye vumbi watachelewa kama sisi. Nina nusu siku mbele yao. Kisha basi likapata pancha, na dereva akagundua kwamba tairi la akiba nalo halina upepo. Tulisimama saa mbili. Abiria mmoja alinishangaa kwa nini kila mara nageuka kutazama vumbi la nyuma, kama vile nadaiwa.

Nilishuka Kolo jua likiwa limepita utosi, nikauliza njia, nikatembea kwa kasi ambayo sijawahi kutembea tena. Ilipokaribia saa kumi nikaanza kusikia kitu nisichotaka kukisikia. Ilikuwa taarabu. Ilikuwa kaseti yangu.

Uwanjani kwa Mzee Shabani pikapu ilikuwa imefunguliwa milango yote miwili. Watoto walikuwa wanacheza mbele ya taa zake, wanawake wawili walikuwa wanapepeta ulezi wakifuata mdundo, na msichana mmoja alikuwa amejifunga kanga kiunoni anaonyesha wenzake jinsi ya kukata nyonga. Mzee mwenyewe alikuwa kwenye kigoda, anatikisa mguu. Aliponiona akasimama kwa furaha.

"Fundi Daudi! Umekuja kusikiliza kazi yako?"

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, karibu, karibu! Tatizo lake moja tu, jioni inatoa kelele kama bisi. Stesheni haikamati. Nikasema nitakuja mjini nikuulize. Lakini kaseti, wallahi, safi sana."

Nilipita mbele yake nikaingiza mkono dirishani, nikaizima. Nilikuwa nimefunga redio nyingi hata sikumbuki hesabu, na hiyo ndiyo ya kwanza niliyoizima bila ruhusa ya mwenyewe. Watoto wakanitazama kwa chuki.

"Mzee wangu," nikasema, "naomba ukae."

Hakukaa. Aliitazama kanga niliyoibeba, akaona kona ya redio yake ya zamani. Nadhani alijua hapo hapo.

"Ni Rajabu," akasema.

"Ni Rajabu, mzee. Jana asubuhi. Wako njiani, wanamleta hapa."

"Inna lillahi wa inna ilaihi rajiun." Akashika mlango wa pikapu. Wanawake wakaacha nyungo zikaanguka, na mmoja akaanza kulia kwa sauti. Alikuwa mke wake. Nilitaka kusema yote kwa mara moja, kosa langu, masafa, risasi, dakika tano. Nikaanza, "Mzee, ni mimi, redio niliyokufungia haiku..." Akaniinulia mkono ninyamaze.

"Walinitaja?"

"Walikutaja."

"Walisemaje?"

Nilikuwa nimelishika tangazo lile kichwani tangu jana yake, sikulikosa neno. Nikalisema lote, pale uwanjani, nimesimama, kwa sauti moja isiyopanda wala kushuka, kwa sababu sikujua namna nyingine ya kulisema. Nilipofika kwenye "Habari ziwafikie Shabani Issa wa Kolo, kaka wa marehemu," akafumba macho.

"Zimenifikia," akasema.

Kisha akawa mtu mwingine. Akaita vijana wenye majembe, akatuma mmoja kwa shehe, akatuma mwingine Kolo kununua sanda. Uwanja ukafagiwa. Mikeka ikaja kutoka nyumba kumi. Mimi nilichimba pamoja na wengine. Udongo wa kule ni mgumu, na nilifurahi kwamba ni mgumu. Msafara ulipoingia baada ya isha, ulikuta nyumba imejaa watu, moto unawaka, na Mzee Shabani amesimama njiani kumpokea mdogo wake. Binti yule Zuhura alishuka garini akamkumbatia baba yake mkubwa akilia, "Mlisikia, baba? Niliogopa hamtasikia."

"Tulisikia, mwanangu," akamjibu. Hakunitazama.

Tulimzika Rajabu asubuhi. Baada ya dua nilimwomba Mzee Shabani ruhusa ya kwenda kwenye pikapu, na safari hii nilifanya kazi kama nilivyofundishwa. Nilimwomba akae kwenye kiti chake cha dereva. Akakaa, mikono magotini, mimi nimepiga magoti mlangoni. Nikatoa ile ya taa za bluu. Tundu nililolipanua halikuifaa tena redio ya zamani, nikaishikilia kwa vipande vya bati na mbao, kazi ya sura mbaya kuliko zote nilizowahi kufanya. Nikapima moto kwa taa ya Mzee Yohana, nikaunganisha spika, nikakaza antena. Tangu siku ile, kila redio ya zamani niliyoitoa garini niliiweka kwenye rafu, sikuichinja mpaka mwenye gari aende kwao na ile mpya na kurudi kuniambia inasikika. Rafu ile mliyoiita makaburi ilikuwa na kazi.

Ilipofika jioni, bila kuitwa, majirani wakaanza kuja. Ndiyo ilikuwa desturi yao. Pikapu ile ilikuwa redio ya nyumba zote za pale, na kwa siku tano walikuwa wanakuja na kurudi na kelele za bisi. Walisimama kuizunguka, wanaume na wake zao, na waliotoka Dar es Salaam wakasogea pia. Mzee Shabani akapeleka sindano kwenye alama ya msumari kwa kidole chake mwenyewe.

Sauti ikaja. Mtangazaji akasoma kifo cha mtu wa Bukoba, kisha mama mmoja wa Mtwara, kisha mtoto wa shule wa Tabora. Hakuna hata mmoja pale aliyewajua. Kila jina liliposomwa, Mzee Shabani, ambaye udongo wa kaburi la mdogo wake ulikuwa bado haujakauka kwenye viatu vyake, alisema taratibu, "Poleni huko," na watu wote wakaitikia.

Matangazo yalipokwisha akaizima, akanigeukia.

"Sasa inasikika vizuri, fundi."